Kibuyu cha Aliyekwenda Malaya

Ningetaka kuanza na gari, kwa sababu ndilo watu wa kwetu wanalolikumbuka, lakini nikianza nalo sitakuwa nimesema kweli. Kabla ya gari kulikuwa na maziwa.

Mume wangu alipochukuliwa uaskari na kupelekwa ng'ambo, mama yake alitenga kibuyu kimoja. Kwetu Bureti maziwa hayawekwi hivi hivi. Kibuyu kinaoshwa, kinaanikwa, kinasuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet mpaka kinakuwa cheusi na kunukia moshi. Halafu maziwa yanatiwa, kifuniko cha ngozi kinafungwa, na kibuyu kinaegemezwa mahali penye baridi mpaka maziwa yagande. Hayo ndiyo mursik, na mtu akitoka safari ya mbali hapewi kitu kingine kwanza. Basi mama alikijaza kibuyu cha mwanawe akakiweka karibu na kitanda chake mwenyewe, ili siku yoyote akitokea mlangoni asikute nyumba haina la kumwambia.

Lakini maziwa hayajui kungoja. Yakikaa sana yanakuwa makali, hata mbwa anageuza uso. Kwa hiyo kila yalipoiva na mwenyewe hajatokea, ilibidi mtu ayanywe, kibuyu kioshwe, kijazwe upya. Mtu huyo alikuwa mimi. Mama hakuyagusa, alisema mzazi hali fungu la mtoto aliyeko njiani. Sijui kama hiyo ni desturi ya watu wote au ilikuwa yake tu. Sikumwuliza, nikanywa.

Wanawake wa mtoni waliona.

"Ee, mke wa askari," mmoja aliniambia, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, mwenye ulimi kuliko wote, "wenzako wakingojea waume wanakonda. Wewe mbona unanenepa?"

"Ni mursik wa mwanamume," mwingine akajibu kabla yangu.

"Basi akirudi atayakuta maziwa yake. Atayakuta mwilini mwa mkewe."

Nilicheka nao. Nyumbani nilipofika nilijitazama mikono, nikaona ni kweli imejaa, nikaona haya. Nilikuwa sina mtoto bado. Nilikuwa kama mtu anayekula posho ya kazi ambayo hajui kama ataimaliza.

Sikuwa natulia siku zile. Nikishika jembe naacha, nikichota maji nasahau mtungi. Tulikaa kwenye mgongo wa kilima, na ng'ambo ya bonde lilikuwa shamba la chai la Wazungu, kijani kimoja kilichonyolewa sawa hata jicho linachoka. Malori yake ya majani niliyajua kwa sauti: lile linalokohoa, lile linalolia kwenye gia. Sauti nyingine yoyote ilinisimamisha, kwa sababu upande wa juu wetu kulikuwa na nyumba nyingine iliyotoa mwana uaskari, na kwao gari la serikali lilifika siku moja mchana, likageuza, likarudi. Wiki ile ile mama wa nyumba hiyo alinyoa kichwa. Tangu hapo, sisi tuliokuwa na watu huko tulijua habari inavyokuja: inakuja kwa magurudumu.

Niseme pia kuhusu Kiswahili changu, maana ndicho kilicholeta mambo. Nilizaliwa laini za chai, kwenye vile vyumba vya safu, baba yangu akichuma majani, na majirani zetu walikuwa Wajaluo, Wakisii, Wakikuyu na Waluhya. Tulielewana kwa Kiswahili, na kila kabila liliacha kipande chake ndani. Shule nilisoma kidogo, nikatolewa nilee mdogo wangu. Kwa hiyo pale kijijini nilipoolewa nilihesabiwa kuwa mjuzi, na mgeni yeyote asiyejua Kikipsigis aliletwa kwangu. Mimi mwenyewe nilijua ninachojua na nisichojua. Hata sasa nikiandika nakaa na wasiwasi kwamba mtu wa vitabu atasoma na kutabasamu.

Sasa gari.

Mama alikuwa nje akisuka kamba. Nilisikia sauti isiyokuwa ya lori ikipanda kutoka njia ya Roret, ikasimama chini kwenye daraja la magogo, ikafikiri, ikavuka. Mama hakuinua kichwa. Vidole vyake ndivyo vilivyosimama.

"Ni la chai?" aliniuliza.

"Si la chai."

Gari lilikuwa la kijani lenye maandishi mlangoni. Alishuka mama wa Kizungu, mwembamba, amevaa kofia ya majani makavu na viatu vya mwanamume. Nyuma yake akashuka Mwafrika wa makamo, kaptula ya kaki iliyopigwa pasi na soksi ndefu. Akatusalimia kwa Kiswahili kirefu cha pwani, kilaini, ambacho nilikuwa nimekisikia kwa wahubiri wawili watatu tu.

"Hodi jamani. Hamjambo? Mwaonaje hali? Sisi wageni wenu, twaomba radhi kwa kuja bila ya kutangulia na habari."

Baadaye nilijua kwamba habari ilikuwa imetangulia. Jumapili iliyopita ilitangazwa kanisani kwamba watapita watu wanaotafuta vitu vya zamani vya Wakipsigis, na asiogope mtu. Mama hakuwa mtu wa kanisa, na mimi Jumapili ile nilikuwa nimelala na jino linaloniuma. Kwa hiyo nisimlaumu mchungaji wala nisiwalaumu wageni. Walifanya ya kwao, nalo jino likafanya lake.

Memsahibu aliomba aone ndani. Alisema kwa Kiswahili cha jikoni, "Mimi taka ona nyumba kidogo, mama, tafadhali," akainama mlangoni kwa adabu. Mle ndani akasimama, macho yakazoea giza, kisha, kati ya vitu vyote vilivyokuwamo, vibuyu vya kawaida, viti, fimbo, ngozi, mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye kibuyu cha mume wangu.

Sisemi alikosea. Kilikuwa kizuri kuliko vyote. Shingo yake ilipinda kidogo kama mtu anayesikiliza. Kifuniko kilikuwa na kauri na shanga. Na ubavuni kulikuwa na ufa ulioshonwa kwa nyuzi laini, mshono juu ya mshono, kwa sababu mume wangu alipokuwa mdogo alikiangusha kwenye jiwe la mlango, na mama yake hakukitupa, alikishona. Mtu mwingine angetafuta kisicho na ufa. Memsahibu alipitisha kidole juu ya mshono ule polepole, mara mbili. Alijua kutazama, lazima nimpe haki yake.

"Hii," akasema. "Hii msuri sana. Hii mimi taka."

Mama alinitazama. Nikamtazama yule bwana wa pwani. Tulikuwa tumetoka nje tena, memsahibu amekipakata kibuyu kama mtoto, na maziwa yamo ndani.

"Mmetoka wapi?" nilimwuliza.

"Twatoka makumbusho, dada."

Neno lile sikuwa nimelisikia. Kukumbuka nilikujua. Kanisani tulikula mkate kwa kukumbuka mauti ya Bwana. Na kila mwaka Wazungu wa chai walikuwa na siku yao ya kukumbuka askari waliokufa vitani; walisimama kimya Kericho, tarumbeta ikapigwa. Ndiyo maana ya kukumbuka niliyokuwa nayo mimi, na zote mbili zilikuwa na maiti ndani yake.

"Makumbusho ni nini?"

"Ni nyumba kubwa, iko mjini. Vitu vya watu huwekwa humo visipotee, ili wanaobaki waje watazame, wawakumbuke wenyewe."

"Na wenyewe wako wapi?"

"Ah," akasema kwa upole, "wengi wao wamekwisha kufa, dada yangu."

Yeye akaendelea, maana alikuwa na kazi ya kufanya: "Hiki kibuyu ni cha nani?"

"Cha mume wangu."

"Naye yuko wapi?"

"Malaya."

Akakohoa. "Wapi, umesema?"

"Malaya. Alienda na wenzake, lori nzima."

Alitazama chini, kwenye soksi zake. "Pole, dada. Pole sana. Na mamake anajua?"

"Anajua. Ndiye alimbariki."

"Alimbariki!"

"Alimtemea maziwa kifuani, akamwambia nenda. Hata mchungaji aliomba."

Leo nikikumbuka uso wa yule bwana nashindwa kushika kalamu, lakini siku ile nilisoma jambo moja tu usoni mwake: anajua, na anaogopa kusema. Nikamsaidia. Nilitaka liishe.

"Wengine wa huku wamekufa huko," nikasema.

"Naam. Hakukosi. Magonjwa yale..." Akatikisa kichwa. "Nikuambie kama ndugu? Mtu aliyefika huko hangojwi. Mnajitesa bure, wewe na mama huyu. Kitu chake hiki kitoeni tu, kikakae makumbusho, kitatunzwa. Nanyi mtapata kupumua."

Mama akauliza kwa lugha yetu, sauti ya kawaida kabisa, "Anasemaje?"

Sikuwa na la kuchagua. Nilitafsiri kama nilivyosikia. Nilisema: anasema kibuyu kiende kwenye nyumba ya kukumbukia. Anasema asingojwe tena.

Mama aliweka kamba yake chini. Hakupiga kelele. Alikunja ile kamba, akaikunja tena, akaitia chini ya paja kama kitu kitakachohitajika kesho. Lakini jirani wa ng'ambo ya mfereji, yule wa ulimi, alikuwa ameliona gari, amekuja mbio na matope miguuni, na alisikia maneno ya mwisho. Yeye ndiye aliyeweka mikono kichwani na kulia. Alilia vizuri, kwa moyo wote, alimtaja kijana kwa mema yake yote, hata mengine hakuwa nayo. Watu wakaanza kushuka kutoka mashamba ya juu.

Memsahibu aligeuka huku na huku. "Nini? Nani nalia? Mimi fanya mbaya?"

"Mwulize," mama akaniambia, "walimzika, au walimwacha msituni?"

Ndipo nikamwuliza. Nilimwuliza yule bwana kwa Kiswahili changu cha laini, neno kwa neno: "Mama anauliza kama mwanawe alizikwa."

"Nani azikwe?"

"Mwanawe. Mume wangu."

"Kwani amekufa?"

"Si wewe umesema?"

"Mimi? Astaghfirullah! Nimesema nini mimi? Wewe ndiwe uliyeniambia kaenda kwa malaya!"

"Ndiyo, Malaya! Vitani! Serikali iliwapeleka kwa meli!"

Yule jirani alikuwa bado analia. Bwana wa pwani alisimama, mdomo wazi, kisha akashika magoti, akaketi chini na soksi zake zote safi kwenye mavi makavu ya ng'ombe. Mabega yalitikisika. Nilidhani naye analia. Alikuwa anacheka bila sauti, machozi yakimtoka, akirudia: "Nchi! Ni nchi! Lori nzima... Na mchungaji akaomba!"

Nami nikaelewa. Laini nilikokulia neno hilo la pili lilikuwapo, tena lilitajwa kila jioni ya mshahara, ila mimi nilipomtaja mume wangu sikuwahi kuyaweka maneno hayo mawili chumba kimoja. Kwetu Malaya ilikuwa jina la mahali, kama Sotik. Mama za askari waliitaja hata katika sala.

"Basi yuko hai?" nikamwuliza.

Alifuta macho, akawa mtu mzima tena. "Dada, Wallahi sijui. Sina habari yake, njema wala mbaya. Sisi ni watu wa vyombo tu."

Hilo jibu nimelipima mara nyingi. Lilikuwa la haki. Hakunipa zaidi ya alichokuwa nacho. Lakini liliturudisha pale pale tulipokuwa asubuhi, na siku ile nilifikiri hapo ni mahali pazuri sana, mahali pa kutojua.

Kazi ngumu ikabaki kwangu. Mama alikuwa ananingoja, na watu wamejaa uani. Ilinibidi mimi, mke wa mwanawe, nisimame mbele ya mama mkwe nieleze kwamba jina la nchi alikokwenda mtoto wake, kwa Kiswahili, ni wanawake wale wa mjini. Nilizunguka. Nilisema ni wanawake wasio na nyumba maalumu. Hakuelewa. Nilisema ni wale wa nyuma ya maduka ya Kericho, siku ya mshahara. Nilisema nikitazama majani.

Mama alifikiri. Kisha akauliza, "Huyu mtu alidhani mwanangu yuko kwa hao?"

"Ndiyo, mama."

"Huko Kericho?"

"Ndiyo."

"Si ni karibu?" akasema. "Angekuwa huko tungemfuata kwa miguu."

Watu walicheka mpaka ng'ombe wakahama. Jirani wa ulimi alikatiza kilio katikati, akasimama na mikono kichwani kama mtu aliyesahau alichokuwa anabeba. "Na machozi yangu?" akauliza. "Nani atanirudishia machozi yangu? Nimemlilia mtu mzima!" Siku nyingi baadaye, kila aliponikuta mtoni, alinidai hayo machozi.

Memsahibu alielezwa, sijui kwa maneno gani, maana yule bwana alimweleza kwa Kiingereza akiwa amempa mgongo. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akakirudisha kibuyu mwenyewe, kwa mikono miwili, mikononi mwa mama, akasema, "Pole, mama. Pole sana." Angeweza kumwachia msaidizi wake kazi hiyo.

Nikapika chai. Tukakaa. Ndipo yule bwana alipotueleza vizuri nyumba yao, na mimi nikatafsiri nikiwa na hofu ya kila neno. Alisema nyumba ile ilianza kidogo. Wazungu wachache wapenda kuokota walikusanya vipepeo, wakawachoma sindano kwenye mbao. Kisha ndege: wanatolewa matumbo, wanajazwa pamba, wanasimamishwa kwenye vijiti kama wazima. Kisha mifupa na mawe ya watu wa kale. Halafu ngao, ngoma, mapambo. Na sasa memsahibu, ambaye ni mchoraji, alikuwa amepigania chumba kimoja kiwe cha vitu vilivyotengenezwa vizuri tu, vya kutazamwa kwa uzuri wake. Wakubwa wake wengine walimwambia kibuyu ni chombo cha jikoni, hakina sanaa. Yeye alisema watazame tena.

Mama alisikiliza yote. Akauliza, "Hao ndege, wanajua wamekufa?"

Yule bwana alicheka, memsahibu hakucheka. Alitafakari, akasema, "Mimi hapana jua, mama."

"Na kibuyu kikiwa huko kitawekwa nini ndani?"

"Hakuna. Tupu. Safi."

Hapo ndipo pakawa na shida, na shida hii haikuwa ya lugha. Kwetu kibuyu hakitoki nyumbani kitupu. Ukimpelekea mtu maziwa, naye akirudisha chombo, anatia kitu ndani, hata kama ni kidogo. Kutoa kibuyu kitupu ni kusema nyumba imekwisha. Nilieleza. Memsahibu akasema basi wakichukue na maziwa yake. Yule bwana akamwambia yatapasua mji mzima kwa harufu. Memsahibu akasema basi wayanywe hapa, wakichukue. Mama akasema wakiyanywa kitakuwa kitupu. Tulizunguka hapo kama punda wa kinu, kila mtu akiwa na haki yake.

Nilichokiogopa ni hiki: nilimwona mama anakitazama kile kibuyu chenye mshono, kisha anawatazama wageni. Kwetu mgeni pia hatoki mikono mitupu. Na hofu ya asubuhi ilikuwa imemchosha. Niliuona uchovu huo shingoni mwake. Niliogopa atakitoa, aache kungoja, kwa kuwa kungoja kulikuwa kumemwuma mno. Sikuwa na haki ya kumzuia. Kilikuwa chake kabla ya kuwa changu. Lakini nilikaa ukingoni mwa kiti, na chai ikapoa mkononi.

Mama aliinuka akaingia ndani. Alitoka na kibuyu kingine: chake mwenyewe, alichokuja nacho alipoolewa, kikubwa, cheusi, kimetumika mpaka kimelainika kama ngozi ya mtu. Hicho ndicho kilichotulisha kila siku. Akamimina maziwa yake kwenye bakuli, wageni wakanywa. Memsahibu alikunywa yote, masizi yakabaki juu ya mdomo wake na hakuna aliyemwambia. Halafu mama akaenda penye kingo za mfereji, akang'oa majani mabichi, yale marefu yanayoshikwa na watu wakati wa baraka, akayasokota akayasukuma ndani ya kibuyu mpaka shingoni. Akafunika.

"Mwambie si kitupu," akaniambia. "Mwambie ndege zake wana pamba, hiki kina majani. Asiyatoe."

Nilimwambia. Memsahibu alirudia kwa mdomo wake mwenyewe, "Hapana toa majani." Akamwomba mama kitu kimoja: kile cha mshono akichore tu.

"Kivuli chake achukue," mama alisema. "Kivuli hakimpunguzii mtu."

Memsahibu akaketi kwenye jua akachora mpaka vivuli vikageuka upande. Alichora kila uzi wa ule mshono. Aliponionyesha nilitaka kulia, kwa sababu ulikuwa ndio wenyewe, na pale kwenye karatasi hapakuwa na mtu aliyekiangusha.

Gari lilipoondoka mama alikiinua kibuyu cha mwanawe, akatazama mahali alipokuwa akikiegemeza, karibu na kitanda. Hakukirudisha pale. Alikitundika jikoni kwenye msumari wa kile alichotoa.

"Tutakula nini kesho?" akaniambia kabla sijauliza. "Hiki nacho kifanye kazi."

Kuanzia hapo kibuyu cha mume wangu kikawa cha nyumba nzima. Kilijazwa, kikanywewa na yeyote, mama naye akanywa, kikaoshwa, kikaanikwa. Mimi nilipungua mwili. Sikujua kama mama amekata tamaa au amepata moyo. Vitu hivyo viwili kwake vilikuwa na uso mmoja. Nilikitazama kikipita mikononi mwa watu nikaona kama mume wangu anatumika kidogo kidogo, anakwisha. Siku nyingine niliona kinyume: kwamba yuko hapa, anafanya kazi na sisi. Niliendelea kusikiliza njia. Lori linalokohoa, lori linalolia.

Alikuja kwa miguu. Hilo sikulitegemea. Aliachwa Roret na gari la mtu akamaliza njia mwenyewe, na mimi niliyezisikiliza sauti zote sikusikia kitu. Nilikuwa shambani, niliinua uso nikaona mtu amesimama nje ya lango letu la miti, mkoba begani, amekonda, haingii. Alikuwa anatazama ua. Juu ya nguzo ya ua kibuyu chake kilikuwa kimepinduliwa, mdomo chini, kinakauka.

Nilimfikia nikihema. Hakunisalimia. Alinyoosha kidole kwenye kibuyu, kitupu, kimeachwa nje kama cha nyumba iliyohama. "Mama yuko?" akaniuliza. Aliuliza polepole sana. Nikaielewa hofu ile, nilikuwa nimeivaa muda mrefu, na jibu lilikuwa kinywani mwangu lakini pumzi hazikutosha kulitoa.

Sauti ilitoka jikoni.

"Niko," mama alisema. "Ingia. Hakuna maziwa."